Akiba ya watu kabla ya mvua: jibu kwa muuguzi wa Mikindani

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi wa ngazi ya cheti, nina miaka 27, naishi Mikindani, Mtwara, bado nasubiri ajira. Nimesoma kwamba Marekani kuna kikosi cha akiba cha wahudumu wa afya wa kujitolea, maafa yakitokea wanaitwa. Kwetu kuna kitu cha namna hiyo? Tuko 14 tunaotaka kuanzisha. Wawili tu ndio wa afya, wengine ni bodaboda, mwalimu, mama lishe na wavuvi. Tumeshachangishana 280,000. Tuanze na nini: vifaa, usajili wa kikundi au fulana? Na nikimtibu mtu wakati sina ajira, sitaingia matatani?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikuvue ukubwa ulionivika: mimi si daktari, ni tabibu mstaafu, ingawa huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari mpaka azikwe. Pili, hizo laki mbili na themanini mkabidhini mtu mmoja mwaminifu azifungie. Msinunue hata bandeji moja kwa sasa. Nitakueleza sababu, ila itabidi nizunguke kidogo.

Hicho kikosi cha Marekani kipo kweli. Kilianzishwa mwaka 2002, na chanzo chake kina mafunzo kuliko jina lake. Majengo ya New York yaliposhambuliwa Septemba 2001, madaktari na wauguzi walimiminika kutoka huku na huku kutaka kusaidia, na wengi hawakutumika. Waliokuwa na dhamana pale hawakuwa na namna ya kujua kama huyu ni daktari kweli, kama leseni yake iko hai, kama kazi yake ni kushona majeraha au kutibu chunusi. Mioyo ilikuwepo, mikono ilikuwepo, daftari halikuwepo. Ndipo wakaamua kila eneo liwe na kikosi chake cha wenyeji waliojiandikisha mapema, vyeti vimekaguliwa, kila mtu anajulikana kwa jina na kwa kazi anayoiweza. Na humo hawamo wa afya peke yao. Wamo makarani, wakalimani, viongozi wa dini. Pasipo na maafa wanasaidia kwenye kampeni za chanjo na kufundisha watu huduma ya kwanza, na wakati wa korona wengi wao walisimama kwenye vituo vya chanjo.

Sisi neno tunalo, na ni zuri: akiba. Mama anayeweka akiba ya unga anajua ni debe ngapi, ziko chumba gani, na kama zimeingia fukusi. Unga uliojaa dukani kwa jirani hauwezi kuuita akiba yako. Sasa nikuulize: Mikindani kuna wauguzi wastaafu wangapi? Ni nani ana boti ya injini isiyozimika njiani? Nani anajua Kimakua vizuri akae na mgonjwa aliyevuka kutoka ng'ambo ya Ruvuma? Kama hujui, basi watu hao ni unga wa dukani.

Nikupe mfano ulionifedhehesha mwenyewe. Tarehe 25 Aprili 2019 Mtwara ilisimama. Kimbunga Kenneth kilikuwa njiani, na kimbunga kingine, Idai, kilikuwa kimeivuruga Beira kule Msumbiji mwezi uliotangulia, kwa hiyo hakuna aliyecheka. Shule na ofisi zilifungwa, watu wa mabondeni na wenye nyumba dhaifu wakaambiwa wahamie kwenye majengo imara. Mimi nilikuwa bado kazini, nikawa kwenye shule moja ambayo sitaitaja. Walikuja vijana kama thelathini, wamejaa ari, kila mmoja ananiuliza, "Tufanye nini, mzee?" Nikawa nagawa kazi kama mtu anayegawa karata. Mmoja akasema yeye ni mtu wa dawa. Nikampa boksi la dawa alisimamie. Baada ya saa moja nikapita, nikamkuta anamweleza bibi mmoja dozi kwa kukadiria uzito wake kwa macho, kutoka miguuni kwenda juu. Kumuuliza vizuri, kumbe anauza dawa za mifugo. Hakudanganya, mtu wa dawa ni mtu wa dawa. Kosa lilikuwa langu mimi niliyempa boksi.

Lakini hilo ni la kuchekesha. Lililoniuma ni jingine. Jioni binti mmoja akashikwa na uchungu wa uzazi kwenye darasa la tatu, na muuguzi tuliyekuwa naye alikuwa amekwenda upande wa pili wa mji. Nikamhudumia mwenyewe, mwanga wa simu, na mwanamke mmoja asiyejua lolote akinishikia kanga. Mtoto alitoka salama, mama alitoka salama, Mungu alitusitiri. Alfajiri ndipo yule bibi niliyekuwa nimemwekea mkeka pembeni, miguu imevimba, akaniambia taratibu: "Baba, kile kitovu umekifunga mbali kidogo." Alikuwa mkunga wa serikali, mstaafu. Amelala hatua kumi na tano kutoka pale usiku kucha. Hakuna aliyemuuliza, naye hakutaka kujipenyeza kwenye kazi za watu.

Kenneth kikapinda, kikaangukia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Miaka miwili baadaye Jobo nacho kikaja kimechoka. Watu wakaanza kusema vimbunga ni vya redioni. Wazee wa Lindi waliokuwepo hawawezi kusema hivyo: tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliingia Lindi chenyewe, na watu walikufa. Ni kweli kwamba sisi hatupigwi mara kwa mara kama Msumbiji au Madagaska. Tuko nyuzi 10 tu kusini mwa Ikweta, na karibu na Ikweta upepo haupati mzunguko wa kutosha kujisokota kuwa kimbunga. Isitoshe Madagaska imetukingia kifua. Uchache huo ndio unaotulaza. Kikitokea, hakuna aliyewahi kukiona.

Sasa tuje kwenye lako: kwetu kipo kitu kama hicho? Jina hilo hakina, lakini mifupa yake ipo, tena kwa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kutoka taifa, mkoa, wilaya, kata mpaka kijiji. Kata yako ina kamati, hata kama hujawahi kuisikia ikikaa. Kuna Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, ambacho kazi yake yote inabebwa na watu wa kujitolea na kina utaratibu wa kuwaandikisha, kuwafundisha huduma ya kwanza na kuwapa kitambulisho. Na kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale mnaowaita WAJA, wanaozijua nyumba kwa nyumba kuliko mwenyekiti wa mtaa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza utakuvunja moyo kidogo: msianzishe shirika. Mtamaliza mwaka mnaandika katiba, mnagombania uenyekiti, na mhuri utakuwa mzuri kuliko kazi. Nendeni kwa mtendaji wa kata na karatasi moja. Juu yake mwandike majina 14, simu, kila mtu anaweza nini, ana chombo gani, anapatikana saa ngapi. Mwambieni: sisi tunataka kuwa mikono ya kamati yako. Kisha karatasi hiyo hiyo ipelekeni kwa mganga mfawidhi wa kituo chenu cha afya, na nakala ofisini kwa Mganga Mkuu wa Manispaa. Mkitaka mafunzo na kitambulisho kinachotambulika hata mbele ya polisi wanapofunga barabara, jiungeni na Msalaba Mwekundu kama wanachama wa kawaida. Usajili wa kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii unaweza kuja baadaye, mkiona mna sababu ya kuwa na akaunti ya benki.

Utaona nimesema "anaweza nini, ana chombo gani." Usiwadharau hao kumi na wawili wasio wa afya. Kwa uzoefu wangu, maafa yanapotokea, sehemu ndogo tu ya kazi ndiyo ya kitabibu. Kubwa ni kubeba, kupika, kuhesabu, kutafuta na kutuliza. Mama lishe wenu anajua kupika wali wa watu 100 bila kuunguza, na anajua kuni zinapatikana wapi. Hilo hukufundishwa chuoni. Mwalimu anajua kuita majina na kuyatia alama, mpeni rejista. Wavuvi wanajua maji kuliko mtu yeyote mwenye cheti. Bodaboda wanajua ni njia gani inapitika baada ya mvua ya saa sita na ipi inageuka mto.

Hapo kwenye njia nikae kidogo, maana ndilo fundisho kubwa la Hidaya. Kimbunga hicho kilifika Mei 2024, wakati msimu wa vimbunga wa bahari yetu huhesabiwa umekwisha Aprili. Kiliingilia Mafia tarehe 4, kikiwa kimepungua nguvu. Ukiuliza watu wa Mtwara mjini, wengi watakuambia upepo haukuwa wa kutisha sana. Kilichotuumiza ni mvua, na zaidi ni barabara: ilikatika upande wa Kilwa, maeneo ya Somanga, maji yakabeba madaraja, na ukanda mzima ukatengana na Dar es Salaam. Mabasi yalilala njiani. Mwenye haraka ilimbidi azunguke Masasi, Songea, Njombe, Iringa, safari ambayo mgonjwa mahututi haiwezi. Na Kilwa si mara yake ya kwanza: Januari 2020 mafuriko yaliua watu na kuwahamisha maelfu huko huko.

Sasa fikiria kama mhudumu. Barabara ikikatika siku kumi, ni nani anaumia kwanza mtaani kwako? Aliyevunjika mguu utamwona, atapiga kelele. Hatari iko kwa wasiopiga kelele: mwenye kisukari ambaye insulini yake imebaki kichupa kimoja, anayetumia dawa za presha na alikuwa anangoja mwisho wa mwezi, mtoto mwenye selimundu, mjamzito wa mwezi wa nane aliyewahi kufanyiwa upasuaji, mwenye kifua kikuu aliye katikati ya dozi, anayetumia ARV. Hospitali yetu ya mkoa, Ligula, ipo, Hospitali ya Kanda ya Kusini ipo, lakini mgonjwa aliyekuwa na miadi Muhimbili Jumatatu hatafika. Kazi ya maana kuliko zote mnayoweza kufanya ni kuwasaidia watu hawa, kabla ya masika kukolea, wawe na dawa za kutosha wiki mbili mbele, na wajue nyumba ya kukimbilia. Ongea na kituo chenu. Mara nyingi mgonjwa anayeomba mapema akieleza sababu husikilizwa.

Lakini hapa nakukanya, tena kwa ukali. Orodha hiyo si ya kikundi cha WhatsApp. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kabla ya sheria kuna kiapo chako. Bodaboda hahitaji kujua mama fulani anaumwa nini. Anahitaji kujua: nyumba yenye mlango wa bluu nyuma ya msikiti, mtu mmoja, hawezi kupanda pikipiki, tafuta bajaji. Ugonjwa ukae kwenye daftari la WAJA na kituo cha afya. Nilishaona mtaa mmoja orodha ya namna hii ikivuja, mwanamke akahama na wanawe usiku, na kikundi kikafa siku hiyo hiyo.

Kuhusu kutibu bila ajira. Tofautisha mambo mawili. Huduma ya kwanza ni ya kila mtu. Kumbana mtu jeraha asivuje damu hakuhitaji barua ya ajira wala cheti. Ukitaka kutenda kama muuguzi, yaani kuchoma sindano, kutoa dawa, kushona, lazima usajili wako na leseni yako kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga viwe hai, na uwe chini ya kituo au chini ya maelekezo ya mganga mwenye dhamana. Wengi mnaosubiri ajira mnaacha leseni ife kwa sababu hamuoni faida ya kuilipia. Ihuishe. Piga nakala, peleka kwa Mganga Mkuu wa Manispaa pamoja na ile karatasi ya majina. Hapo siku ya siku hutajieleza. Na usiweke duka la dawa chini ya kitanda ukasema ni "ya dharura". Hilo ndilo litakalokuingiza matatani kweli.

Maafa nayo yasikufunge macho ukafikiri ni upepo na mafuriko tu. Maji yanapotuama, kinachokuja nyuma yake ndicho kinachoua polepole. Unakumbuka Ruangwa, Julai 2022, ule ugonjwa wa watu kutokwa damu puani? Nchi nzima ilishika pumzi, watu wakataja Ebola, wakataja mambo ya uchawi. Ikaja kubainika ni homa ya mgunda, vijidudu vinavyotoka kwenye mkojo wa wanyama, hasa panya, na kuingia mwilini kupitia maji na udongo. Wizara ilitangaza wagonjwa 20, watatu wakiwa wamefariki. Inatibika kwa antibayotiki za kawaida ikiwahiwa. Somo la mtu wa kujitolea hapo ni la miguuni: usiingie kwenye maji ya mafuriko peku wala kwa ndala, hasa ukiwa na kidonda. Vaa mabuti. Nimewaona waokoaji hodari wakianguka wagonjwa wiki moja baadaye, na mwokoaji mgonjwa ni kitanda kimoja zaidi kimejaa.

Na chikungunya! Huwa nawachokoza wageni kwa hili. Jina hilo linalotajwa leo India, Brazili na Ulaya ni la hapa kwetu, la Kimakonde, la kujikunja, kwa jinsi viungo vinavyompinda mgonjwa. Wazungu waliuandika ugonjwa huo kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni shida na watu huyaweka majumbani, na mbu naye akapata pa kulala. Basi mkipita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za mafuriko, mtupie jicho pipa na mtungi: una mfuniko? Ni swali la sekunde mbili.

Kuhara kutakupa kazi kuliko vyote. Kila mmoja wa hao 14 ajue kwa kichwa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kufuta juu, si vya kujaza mlima. Hiyo ni kama pakiti za ORS, yaani chumvichumvi za kuchanganya na maji, hazipo. Zikiwepo, tumia pakiti. Mtoto anyonyeshwe aendelee, asifungwe mdomo kwa kuambiwa tumbo lipumzike. Mtu anayehara maji kama ya kuoshea mchele hakai nyumbani kusubiri asubuhi.

Kuna na njaa, ambayo hatuihesabu kama maafa mpaka iwe kwenye taarifa ya habari. Mwaka 1988 huko Masasi, ukame ulipobana, watu walikatiza njia ya kutayarisha mihogo: wakaitwanga mbichi na kuianika upesi upesi badala ya kuiacha siku zake. Sumu ilibaki ndani, wakazidiwa kwa chakula walichokipika wenyewe. Mama lishe wenu ndiye wa kulisimamia hilo kambini, wewe huna haja ya kuhutubia.

Mafunzo. Mkipata siku mbili za huduma ya kwanza, ombeni muda mwingi uwe wa kutenda, si wa kuandika. Nyinyi ni watu wa pwani, kwa hiyo mwanzo kabisa ni mtu aliyezama. Nimechoka kuona vijana wakimning'iniza mtu miguu juu au kumbinya tumbo ili maji yatoke. Muda unaopotea hapo ndio uhai wake. Mlaze chali pagumu, tazama kama anapumua. Hapumui: mwinue kidevu, bana pua, mpulizie pumzi tano kwanza, maana aliyezama amekosa hewa kabla ya jambo jingine lolote. Halafu kiganja katikati ya kifua, mkandamize mara 30, chini sentimita tano hadi sita, haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiachia kifua kiinuke kikamilifu kila mara. Pumzi mbili. Rudia. Mkono wako utauma ndani ya dakika mbili, kwa hiyo mpokezane. Fanyieni mazoezi kwenye gunia la mchanga kama hamna mwanasesere. Wavuvi wenu watashangaa ni kazi nzito kiasi gani.

Jeraha linalovuja: kanga safi, kiganja, bana bila kuchungulia kila sekunde. Aliyeumwa na nyoka: msimchanje, msimfyonze, msimfunge kamba ya kukata damu, vueni pete na bangili, mkono au mguu utulizwe kama uliovunjika, abebwe, asitembezwe. Mjamzito: namba 115, ni bure, ndiyo ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, watatafuta gari. Kama mmoja wenu ana gari zima, aulize jinsi ya kuingia kwenye orodha ya madereva wao wa jamii. Zimamoto ni 114, polisi 112, maswali ya afya 199. Ziandikeni nyuma ya mlango, maana chaji ikiisha namba zote zimekwisha.

Kisha kuna jambo ambalo mnaweza kulifanya wiki hii bila ruhusa ya mtu wala senti: damu. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Kusini kiko hapa hapa Mtwara. Aliye na miaka 18 hadi 65, kilo zisizopungua 50, afya njema, anaweza kuchangia. Wanaume kila miezi mitatu, wanawake kila minne. Mkigawana, watatu au wanne kila mwezi, mtakuwa mnajua makundi yenu yote na mtakuwa wachangiaji waliokwishapimwa. Barabara ikikatika na mama akavuja damu Ligula, ninyi ndio benki. Hakuna kifaa cha 280,000 kitakachoshinda hicho.

Sasa zoezi. Msiseme mko tayari mpaka mjaribu, na jaribio la kwanza lifanyeni siku ambayo si rahisi, kama Jumapili saa kumi na moja alfajiri. Kikundi kimoja nilichokuwa nakisimamia kilikuwa na kila kitu: machela mawili, maturubai, ndoo zenye koki, dawa ya kutibu maji ya Waterguard katoni nzima. Vimepangwa stoo ya shule, safi, nilipiga na picha. Tukapuliza filimbi ya zoezi. Watu wakaja ndani ya nusu saa, nikafurahi. Tukasimama mlangoni. Ufunguo? Kwa mtunza stoo. Mtunza stoo? Amekwenda kuzika Newala, juzi, na funguo ziko kwenye mfuko wa suruali aliyovaa. Tulikaa chini ya mwembe tunatazama kufuli. Mzee mmoja akauliza kama maji ya mafuriko nayo yatasubiri arobaini iishe. Tangu siku hiyo funguo zikawa tatu, na kila mwezi mtu mmoja hutumwa kufungua na kufunga tu, bila sababu nyingine.

Ndiyo maana nilikuzuia kununua. Baada ya zoezi la kwanza mtajua wenyewe mnachokosa, na nakuhakikishia hakitakuwa kile mlichokuwa mnakifikiria. Mara nyingi ni vitu vya aibu: kamba, tochi, kalamu isiyofutika na maji, sabuni, betri ya kuchajia simu, glovu, mabuti ya saizi za kweli. Vyote hivyo pesa yenu inavifikia. Jambo jingine: wewe na mwenzako wa afya hakikisheni mmechanjwa homa ya ini B, na wote kumi na wanne mmalize chanjo ya pepopunda.

Kuhusu posho, semeni mapema. Watu wengi hujiunga wakidhani kuna semina za mjini na bahasha. Si dhambi, maisha ni magumu na bodaboda akizima pikipiki kutwa nzima, nyumbani kwake hakuliwi. Kwa hiyo kubalianeni: kazi ya hiari haina mshahara, lakini mafuta yanarudishwa na chakula cha siku kinapatikana. Wekeni pembeni sehemu ya zile pesa kwa hilo tu. Na mkubaliane pia kwamba hakuna anayetoka kwenda kuokoa wa watu kabla hajahakikisha wake wako mahali salama. Mtu anayebeba machela huku akili iko kwa mama yake aliyemwacha bondeni ataiangusha.

Umeniandikia wakati mzuri, korosho ndiyo zinaanza kudondoka na mvua bado. Mkianza na karatasi ya majina Jumatatu, kabla ya Desemba mtakuwa mmeshafanya mazoezi mawili. Tafuteni na mkunga mstaafu. Mtaani kwenu lazima yupo, muulizeni na kiti mumpe.

Nilisahau fulana. Chapisheni baada ya zoezi la pili. Kwa wakati huo mtakuwa mmebaki tisa au kumi, na watatu wapya ambao hukuwataja watakuwa wameingia, kwa hiyo saizi mlizoandika sasa zingekuwa za watu wengine. Rangi yoyote inayoonekana usiku, ila epukeni za vyama. Mgongoni liandikwe jina la kata, na mbele, kwa herufi kubwa, kazi ya mtu: MUUGUZI, MPISHI, REJISTA, USAFIRI. Na yule wa dawa za mifugo akija, mwandikieni hivyo hivyo, mbuzi nao huzama.